Msiba wa Sauti ya Balbina

Hermenegildi mwenye Ukumbi wa Mavuno aliiba sauti ya mtu. Hakuiba kuku wala baiskeli wala pampu ya maji. Aliiba sauti. Na mwenye sauti, Balbina, alimlipa kisasi ambacho mpaka leo Ifakara watu wakikisimulia wanashika mbavu. Wapo wanaokisimulia vibaya, wanasema Hermenegildi alirogwa. Hakurogwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkeka wa mbele, na kilio cha kwanza nilikitoa mimi. Kwa hiyo sikilizeni kwangu.

Balbina ni Mpogoro. Wazazi wake walishuka kutoka Mahenge wakafuata mpunga huku bondeni, wakapata shamba Mofu, na huko ndiko koo lake lilikokomaa. Kazi ya kuamia ndege mnaijua: mpunga ukianza kutia maziwa, mtoto anapandishwa kwenye dungu alfajiri, anapiga kelele mpaka jua lizame, maana kweleakwelea wakishuka shambani wakiinuka mnabaki na mabua. Wenzake walipiga madebe, wakarusha mawe kwa teo. Balbina aliimba. Akiimba polepole, ndege waligeuka huko huko juu wakaenda kula kwa jirani. Akipandisha, walidondoka. Nimewaokota mwenyewe, kikapu kizima, na wengine walikuwa wameshanyonyoka manyoya kwa hofu, ni kutia chumvi tu. Siku moja kiboko alitoka mtoni akasimama kwenye tuta, akasikiliza wimbo hadi mwisho, akarudi majini bila kukanyaga shina hata moja. Asiyeamini aende Mofu akaulize. Yule kiboko alishakufa, lakini wajukuu zake wapo.

Akakua, akaolewa, akamzaa Jane, mume akafa, akawa anakaanga perege nje ya geti la Hermenegildi. Ndani kulikuwa na bendi: magitaa mawili, ngoma, kinanda kilichokuwa kinakwama wakati wa mvua, na mwimbaji mmoja mlevi. Jumapili moja mlevi akalala katikati ya ubeti. Balbina akatua karai, akajifuta mikono kwenye khanga, akapanda jukwaani na harufu yake ya mafuta, akaumalizia ule ubeti. Watu waliokuwa wanatoka walirudi. Waliokuwa wamekaa walisimama. Bwana mmoja aliyekuwa amekuja kwa magongo alicheza mpaka akayasahau pale, na alipokumbuka kuyafuata alikuwa ameshafika Kiberege kwa miguu.

Tangu hapo bonanza la Jumapili alasiri likawa la Balbina. Walikuja kwa bajaji kutoka Kiberege, walikuja na treni kutoka Mlimba, wafugaji wa Kisukuma walikuja na fimbo zao wakaziegemeza ukutani kama wanaingia kanisani. Kati yao alikuwepo Ngusa, mtu wa ng'ombe wengi, anayecheza kama anakanyaga udongo wa tofali. Yeye hakukosa hata Jumapili moja.

Sasa mwizi na wizi wake.

Mwaka mmoja, watu wakiwa wanafungasha kwenda mashambani kuamia, Hermenegildi akamwita Balbina mchana ukumbi ukiwa mtupu.

"Dada Balbina, nimeleta spika mpya kutoka Dar. Hebu nipimie kabla hujaenda Mofu."

Balbina akaimba wimbo mmoja.

"Safi. Hebu na ule wa mvua."

Akauimba.

"Ule wa mvua tena, dada. Spika ya kushoto ilikuwa inanong'ona."

Akarudia. Hermenegildi amekaa nyuma ya kompyuta, anaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Zile spika zilipimwa kuliko mgonjwa wa malaria. Nyimbo zote za Balbina, alizotunga juu ya dungu na alizotunga kwenye karai, zikaingia mle kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na yeye anadhani anasaidia. Alipomaliza alipewa soda ya baridi na maneno: "Nenda salama, dada. Tutakukumbuka."

Kweli walimkumbuka.

Aliporudi mavuno yamekwisha, ilikuwa Jumapili. Bajaji yake imejaa magunia, inapita karibu na ukumbi, akasikia mtu anaimba wimbo wa mvua. Akamwambia dereva asimame. Akashika koo lake kwa mikono miwili, ahakikishe limefungwa. Limefungwa. Na bado anajisikia anaimba humo ndani, na watu wanampigia miluzi.

Akaenda kuchungulia. Jukwaani kuna binti, Omega, mtoto wa watu wa Uchindile, amevalishwa gauni la kumeremeta mpaka linaumiza macho. Ameshika kipaza sauti, anafungua mdomo, anafunga, anafungua, anafunga, kama perege aliyetolewa majini. Sauti ni ya Balbina. Bendi haipo. Wapiga magitaa walishaambiwa warudi kwao wakalime.

Mlinzi akamzuia getini. Hermenegildi mwenyewe akatoka, anafuta jasho kwa leso.

"Shikamoo dada."

"Nipishe nipite, Hermenegildi. Nimejisikia humo ndani."

"Dada, wewe huna sauti tena. Nimeshawatangazia watu. Sauti yako imekufa huko Mofu kwa kuwapigia kelele ndege."

"Imekufa?"

"Imekufa kabisa. Watu wamesikitika sana, wamenipa na pole."

"Na huyo anayeimba?"

"Huyo ni Omega. Kizazi kipya. Dada, rudi kwenye perege, watu wanakupenda kwenye perege."

Akamfungia geti usoni.

Balbina alikuja kwangu moja kwa moja. Hakulia. Ningefurahi kama angelia, maana mwanamke asiyelia huyo anapika kitu. Alikaa kwenye kigoda akasema: "Bibi Luciana, mimi nataka kitu kimoja. Aseme kwa mdomo wake, mbele ya wachezaji wake, ile sauti ni ya nani. Halafu ajute mpaka azeeke."

"Hivyo ni viwili."

"Basi viwili."

Nilimpa mawazo yangu, maana sina uchoyo. Nikasema tutie siafu kwenye spika. Nikasema tumwage upupu kwenye viti. Nikasema ninamfahamu kiboko mmoja. Yote akayakataa. "Siafu watakufa, upupu utaoshwa, yeye atabaki anacheka." Akawa anachora chini kwa kidole. Kisha akainua uso.

"Amesema imekufa."

"Ndiyo, mshenzi."

"Amewatangazia watu kwamba imekufa, na pole amepokea. Bibi, mtu akifa hapa kwetu tunafanyaje?"

Tukaangaliana. Nilicheka mpaka jino langu moja likauma, na lilikuwa la mwisho.

Kwetu msiba ni msiba. Turubai likishafungwa na mikeka ikatandikwa, dereva anazima redio, mwenye baiskeli anashuka anaikokota, na baa iliyo jirani inanyamaza mpaka watu watoke makaburini. Hakuna sheria iliyoandikwa, na hakuna anayevunja. Atakayevunja, siku mama yake akifa atachimba kaburi peke yake.

Jumapili iliyofuata, jua bado la utosi, tulitandika mikeka nje ya geti la Ukumbi wa Mavuno, bega kwa bega na njia ya kuingilia. Wanaume walifunga turubai. Moto wa kuni ukawashwa, sufuria la wali likapanda, na wanawake wa mtaa mzima wakajifunga khanga viunoni. Balbina alikaa katikati, kichwa kimefunikwa, kama mfiwa anavyokaa. Hakuna aliyeuliza sana, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na yake na Hermenegildi. Huyu amezibiwa mfereji, yule binti yake ameitwa jina baya, mwingine hampendi tu tangu wakiwa watoto.

Nikaanza mimi. Kilio changu kilivuka mto, kikapanda milima, na watu wa Uchindile waliokisikia wakachukua majembe wakaanza kuchimba. "Uuuwi! Sauti ya Balbina! Umetuacha na nani!"

Mwenyekiti wa mtaa akaja mbio amevaa shati vifungo vimepishana.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

"Sauti ya Balbina, mwenyekiti."

"Sauti?"

"Aliyetangaza ni Hermenegildi. Sisi tumeitikia tu."

Akavua kofia. Akataka kusema neno, akaliona sufuria, akaenda kukaa benchi la wanaume.

Saa ya bonanza ikafika. Wachezaji wanakuja wamepiga pasi, wanafika getini wanakuta msiba. Wenye bajaji wanazima redio. Wenye baiskeli wanashuka. Dada mmoja wa viatu virefu alivivua, akaomba khanga, akakaa na sisi, na nusu saa baadaye alikuwa analia kuliko mimi bila kujua anamlilia nani. Waliokuwa wametangulia kuingia walikuwa wachache, nao walikuwa wanachungulia kwa aibu.

Hermenegildi akatoka.

"Mama zangu, shikamooni. Nini hiki? Leo nina bonanza!"

"Bonanza na msiba mlangoni, Hermenegildi?" nikamwambia. "Umekula nini asubuhi?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Wewe si ulisema imekufa?"

"Ile ilikuwa... ni namna ya kusema."

"Na hii ni namna ya kulia."

Watu wakacheka chini chini kama wanavyocheka msibani. Uso ukamvimba. Akarudi ndani kwa hasira, na sijui shetani gani alimshika mkono, akafungulia muziki mpaka mwisho. Wimbo wa mvua. Sauti ya Balbina ikatoka kwenye zile spika alizozipima mwenyewe, ikatikisa mabati, ikapita juu ya mikeka ambapo Balbina amekaa mdomo umefumbwa, amejifunika.

Nikaruka. Kwa umri wangu niliruka juu kuliko turubai. "Jamani! Marehemu anaongea!"

Loo! Wanawake walipiga yowe kwa pamoja. Waliokuwa ndani wakatoka kwa milango na madirisha, viti vikapinduka, mzee mmoja alitoka na meza. Jukwaani akabaki Omega, mdomo umefumbwa kwa woga, na wimbo unaendelea bila yeye. Kila aliyechungulia aliona. Binti hajafungua kinywa na sauti inaimba.

Hermenegildi akaenda kuzima. Amechelewa.

Hapo ndipo Ngusa alipofika, fimbo begani. Utani wetu na Wasukuma si wa mababu, wao wamekuja juzijuzi na ng'ombe. Tumeutengeneza wenyewe, baada ya ng'ombe wao kula mpunga wetu na sisi kuwatukana mpaka tukazoeana. Na mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atamkalia maiti, ataziba njia, atamtukana mfiwa, na hakuna wa kumgusa. Ngusa aliuliza nani amekufa. Akaambiwa. Akatupa fimbo, akajilaza chali katikati ya geti, miguu huku kichwa kule, Hermenegildi yuko upande wa ndani.

"Siondoki," Ngusa akasema, "mpaka nisomewe wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameugua nini. Mimi nilikuwa namcheza kila Jumapili, nina haki ya kujua."

"Nani asome?" watu wakauliza.

"Aliyetangaza kifo."

Macho yote kwa Hermenegildi. Akajaribu kucheka. "Ngusa, acha utani."

"Siwezi. Ndiyo kazi yangu hapa."

"Mimi sisomi kitu!"

Nikasimama, nikamsogelea mpaka pua zetu zikakaribiana. "Sawa, mwanangu. Usisome. Mama yako mzee, na mimi ninampenda. Siku yake ikifika, jeneza utabeba wewe mbele na Omega nyuma. Hapa hatoki mtu." Mwenyekiti, wali umejaa mdomoni, akaitikia kwa kichwa. Mabenchi yote yakaitikia.

Hermenegildi akatazama watu. Wote ni wateja wake, na wote ni wazikaji wake. Akakohoa.

"Marehemu... sauti... alizaliwa Mofu."

"Ya nani?" Ngusa kutoka chini.

"Ya Balbina."

"Endelea. Ameugua nini?"

"Aliugua... kelele. Za ndege. Mwezi wa nne. Akafa."

"Alikufa mwezi wa nne?"

"Ndiyo."

"Sasa nani ameimba humo ndani sasa hivi?"

Watu wakaacha kutafuna. Hata moto uliacha kutoa mlio.

"Omega," Hermenegildi akasema.

Omega alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama nyuma yake na lile gauni, viatu mkononi. Akaruka miguu ya Ngusa, akaja akapiga goti mbele ya mkeka. "Shikamoo mama. Mimi nafungua mdomo tu. Huyu aliniambia mwenye sauti amekufa, ameniachia." Balbina akamvuta, akamkalisha pembeni yake, akamfunika nusu ya khanga. Alikuwa anamtazama Hermenegildi kwa tundu la khanga kama paka anavyotazama dari.

"Wasifu haujaisha," Ngusa akasema. "Sababu ya kifo."

Sijawahi kuona mtu anatoka jasho kiasi kile. Lilitiririka mpaka bata wakaja.

"Hakufa," Hermenegildi akasema.

"Sauti haitoki. Nyanyua!"

"Hakufa! Nilimwambia aje apime spika. Nikamrekodi bila kumwambia. Nyimbo zote ni zake, sauti ni yake, ni ya Balbina. Niliiba. Haya! Mmesikia? Niliiba!"

Ngusa akainuka, akajikung'uta vumbi. "Msiba umekwisha. Marehemu alikuwa ametekwa."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati ya ukumbi yakainuka upande mmoja, na mpaka leo yamekaa hivyo, mvua inaingia. Hermenegildi akaenda akaileta ile kompyuta mwenyewe, akaiweka juu ya mkeka miguuni pa Balbina. Akapiga magoti.

"Dada Balbina, nisamehe. Ingia ndani. Jukwaa ni lako, nitawarudisha wapiga magitaa, nitaandika jina lako juu ya geti."

Balbina akafunua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu mchana.

"Kimoja nimekipata," akasema. "Bado cha pili."

Akasimama pale pale mkekani, akaupa mgongo ukumbi, akaimba. Bila kipaza sauti, bila spika. Wanaume walichukua masufuria na mitungi wakapiga ngoma. Watu wakacheza barabarani, dada wa viatu virefu akacheza peku, mwenyekiti akacheza na sahani, Ngusa akakanyaga udongo wake. Ukumbi ukabaki na viti vyake vilivyolala. Hermenegildi akaegemea geti, akafumba macho, anatikisa kichwa, maana mwizi hakuwa kiziwi, utamu aliujua tangu zamani.

Balbina akakata wimbo katikati ya neno.

"Vipi?" watu wakauliza.

"Kuna mwizi anasikiliza."

Watu wote wakageuka wakamtazama. Akafumbua macho, akaingia ndani. Balbina akaendelea pale pale alipoachia. Punde dirisha likafunguka kidogo. Akakata. Watu wakageukia dirisha. Likafungwa. Akaendelea.

Na huo ndio ukawa mtindo. Sasa hivi Balbina ana bendi yake, Omega anaitikia, na binti ana koo zuri akiachiwa kulitumia mwenyewe. Wanaimba Kibaoni, wanaimba harusi za Mofu, kipaimara, mavuno, popote. Kila mtu anaruhusiwa kusikia. Mbwa anaruhusiwa. Hermenegildi hapana. Akitokea tu, wimbo unakatika na mji mzima unageuka kumtazama, mpaka aondoke. Ukumbi wake siku hizi unahifadhi magunia ya mpunga. Jane alimwambia mama yake inatosha. Padre naye alimwambia asamehe, akajibu: "Nimesamehe, Padre. Koo ndilo halijasamehe."

Juzi kulikuwa na harusi Kiberege. Tumeshiba, Balbina amefika kwenye ule wimbo wa mvua, mahali patamu kabisa ambapo hata wazee huwa tunasimama. Akanyamaza. Tukatafuta huku na huku, hatuoni mtu. Balbina akanyoosha kidole kwa akina mama waliokaa nyuma, kwa mmoja mrefu aliyejitanda khanga mpaka machoni, miguu mikubwa ya viatu vya ngozi.

"Hermenegildi," akasema kwa upole, "toka tuendelee."

Akainuka, akakusanya khanga zake, akatoka. Alitembea taratibu, taratibu sana, labda atabahatisha ubeti mmoja kwa mbali. Balbina akamsubiri avuke barabara, akamsubiri apite mashine ya kukobolea, akamsubiri akunje kona. Maharusi walisubiri. Wote tulisubiri. Wala hakuna aliyelalamika.